Wingu likitanda anaingia chini ya kitanda: jibu kwa Mama Mdogo wa Singida

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Dada yangu alifariki kwenye maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023. Mwanawe wa kiume alitolewa hai. Alikuwa na miaka mitano, sasa ana saba, na ninaishi naye Singida mjini. Kwa nje ni mzima, anakula, anacheza na wenzake. Lakini wingu likitanda anaingia chini ya kitanda na hatoki mpaka mvua ikatike. Usiku anaweweseka, na kukojoa kitandani kulikokuwa kumekwisha kumerudi. Kinachonitisha zaidi ni mchezo wake. Anakoroga udongo na maji, anafukia vizibo vya soda ambavyo anasema ni watu, na wote wanakufa. Karibu kila siku. Kuna siku aliniuliza, "Mama mdogo, ningepiga kelele zaidi, mama angenisikia?" Nikamwambia twende dukani. Mwalimu anasema ni mzito darasani. Bibi yake anasema tusimkumbushe, atasahau. Shemeji anataka apelekwe akaombewe, eti mlima Hanang ulioporomoka una mambo yake. Je, nimkataze huo mchezo? Kuna dawa ya kumfanya alale? Na nimpeleke kaburini, au nitamtonesha kidonda? Niseme pia kwamba tangu mwanzo tulimwambia mama yake amesafiri.

JIBU: Marahaba, Mama Mdogo. Pole kwa kufiwa na dada yako. Nakuambia hivyo kwanza kwa sababu katika barua nzima hukujililia hata mstari mmoja.

Nitaanzia mwisho, kwenye ile sentensi uliyoitupia kama nyongeza. Mvua, vizibo na kitanda kulowa vina njia zake, nitazieleza. Ila vyote vimekalia hilo moja la mama kusafiri. Mtoto huyu alikuwepo. Tope aliliona, kelele alizisikia. Kichwani ana habari mbili zisizopatana: aliyoishuhudia mwenyewe, na aliyopewa na watu anaowategemea kwa chakula na malazi. Mtoto hawezi kusema watu hao wamemdanganya. Atanyamaza, halafu atachukua udongo na maji akahangaike na habari yake peke yake.

Sikulaumu. Hayo ya "amesafiri" nimeyakuta katika nyumba nyingi, na mara zote yalisemwa kwa huruma, msiba ukiwa mbichi, na mtu ambaye naye hakuwa na nguvu za kusema lingine. Pengine kwa miezi michache hayakumdhuru sana. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui kwamba kufa hakuna kurudi. Anaweza kushinda mazishini na jioni akauliza marehemu ataletewa chakula saa ngapi. Lakini kati ya miaka mitano na saba wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Mwanao amefika umri huo. Sasa fikiria anavyolihesabu jambo hili: msafiri ambaye kwa miaka miwili hajapiga simu, hajatuma hata salamu za sikukuu, ni mama aliyeamua kumwacha. Tulitaka kumwepusha na kifo, tukamkabidhi kutelekezwa.

Halafu kuna lile swali la kupiga kelele. Watoto wa umri huu huamini kwamba mambo makubwa hutokea kwa sababu ya walichofanya au walichoacha kufanya: nilimkasirikia mama, ndiyo maana, sikumwita kwa nguvu, ndiyo maana. Alikuja kwako na mzigo huo mkononi akitaka umsaidie kuutua, nawe ukamwambia twende dukani. Usijipige kwa hilo. Swali la namna hiyo hurudi, na lisiporudi unalirudisha mwenyewe.

Mwambie. Chagua asubuhi ya siku isiyo ya shule, jua likiwa limetoka, mkiwa wawili tu. Usimwambie usiku wala siku yenye mawingu. Tumia sentensi fupi: "Nina jambo la huzuni la kukuambia, na ni la kweli. Mama yako hakusafiri. Siku lile tope lilipokuja, mama alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi, hawezi kurudi. Si wewe uliyesababisha. Hata ungepiga kelele namna gani, lile tope lilikuwa na mawe na magogo ndani yake, watu wazima wenye nguvu hawakuweza kulizuia." Tumia neno "alikufa". Ukisema "amelala", utakuwa na mtoto anayeogopa kulala, na usingizi tayari ni taabu kwake. Ukisema "Mungu alimpenda zaidi", anaweza kumwogopa Mungu, au akaomba naye apendwe hivyo. Imani yenu ieleze baadaye, kifo chenyewe kikishaeleweka.

Akikuuliza mbona mlinidanganya, jibu ni, "Tuliogopa utaumia, tukakosea. Ukiniuliza tena nitakuambia ukweli, hata kama nitalia." Na ukilia, lia, ila maliza sentensi. Kinachomtisha mtoto si machozi ya mtu mzima. Kinachomtisha ni mtu mzima anayekatisha maneno njiani, kwa sababu hapo hujifunza kwamba jambo hili ni kubwa kuliko hata mama mdogo. Usishangae pia akisikiliza dakika mbili kisha akauliza kama anaweza kwenda kucheza. Watoto hawakai kwenye huzuni kwa masaa kama sisi. Wanaingia, wanatoka, kesho kutwa wanaingia tena kupitia mlango mwingine, mara nyingi wakati wewe una haraka ya kwenda kazini.

Nikija kwa bibi yake: ana haki nusu. Ni kweli hatumlazimishi mtoto kusimulia. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilikuwa nawapa watoto karatasi siku ya kwanza tu na kuwaambia wachore kilichotokea, nikidhani natoa sumu. Baadhi yao walitoka wametetemeka kuliko walivyoingia, na wawili hawakurudi tena. Niliacha. Ila huwezi kumkumbusha mtu kitu ambacho hajakisahau. Mtoto anayejificha chini ya kitanda kwa sababu ya wingu anakumbuka kwa mwili mzima. Kumbukumbu ya hofu haikai kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Inakaa kwenye harufu ya udongo uliolowa, kwenye ngurumo, kwenye giza la ghafla. Kikija kimoja kati ya hivyo, moyo unaenda mbio kabla akili haijauliza leo ni tarehe ngapi na tuko wapi.

Kuna kisa cha zamani ninachopenda kuwasimulia wanaosema watoto husahau. Julai 15, 1976, katika mji wa Chowchilla, California, watu wenye silaha waliteka basi la shule lenye watoto 26 na dereva wao. Waliwaingiza kwenye tela la lori lililokuwa limefukiwa ardhini katika machimbo ya kokoto, wakawaacha humo. Baada ya saa 16 hivi, dereva na watoto walijichimbua wakatoka. Hakuna aliyekufa. Kwa kuwa wote walirudi nyumbani wazima, wengi walidhani mambo yameisha. Daktari wa magonjwa ya akili Lenore Terr aliwafuatilia kwa miaka, na miaka minne baadaye bado alikuta alama za tukio lile kwa kila mtoto aliyemchunguza. Jambo mojawapo aliloliandika kwa makini ni mchezo. Watoto walikuwa wakirudia utekaji na kufukiwa, tena na tena, kwa namna ileile, bila kucheka.

Ndiyo vizibo vyako hivyo. Mchezo wa kawaida hubadilika: leo daktari, kesho konda wa daladala, na kuna kugombana na kucheka. Huu mwingine ni mkavu, unafuata mstari mmoja, na ukiisha mtoto haonekani amepumua. Usimkataze, maana atauhamishia nyuma ya choo na hutauona tena. Lakini pia usimwachie tu ukisema anajitibu. Mchezo uliokwama haumtibu, unamzungusha palepale.

Kaa naye chini. Siku za kwanza usifanye kitu, angalia tu na utaje unachokiona: "Naona hawa wamefukiwa. Huyu mdogo yuko peke yake." Siku ya tatu au ya nne uliza, "Nani angeweza kuja kusaidia?" Weka kijiko karibu, au gari lake la kuchezea. Siku ile Katesh walikuja askari, walikuja majirani na majembe, na yeye mwenyewe alitolewa na mtu. Mchezo wake umeisahau sehemu hiyo ya kisa, na ni sehemu ya kweli. Akikubali kizibo kimoja kiokolewe, hiyo ni hatua kubwa hata kama kesho atawafukia wote tena. Akikasirika au akianza kupumua harakaharaka, acha, mnawe mikono pamoja, mle kitu. Na watu wengine wa nyumbani wasimcheke wala kumwita mchawi. Nasema hivyo kwa sababu nimeshasikia.

Mvua sasa. Mtoto akiwa chini ya kitanda, usimvute. Shuka nawe, kaa sakafuni, mpe mkono, ongea polepole. Kazi yenyewe lakini hufanyika siku ya jua, na ina mambo mawili. La kwanza ni kumweleza kwa nini mlima ule uliporomoka. Serikali ilieleza baada ya uchunguzi kwamba haikuwa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ya mvua, ikalainika, ikaporomoka. Mtoto wa miaka saba analielewa hilo ukichukua kichuguu cha mchanga na kopo la maji. Kisha mwonyeshe mnakoishi. Hapo mjini Singida hamna Hanang juu ya vichwa vyenu. Siku moja baada ya mvua ndogo mshike mkono mfuate maji yanakoenda, mkishuka taratibu hadi Singidani au Kindai, asimame aone ziwa limeyapokea na limetulia. Usimwambie mvua haiwezi kudhuru mtu yeyote popote, kwa sababu anajua si kweli na atakuacha hapohapo. Mwambie, "Mvua ya hapa inakwenda ziwani." Hilo anaweza kulihakikisha kwa miguu yake mwenyewe.

La pili ni kumpa kazi. Mtoto asiye na la kufanya hubaki na hofu tu. Wingu likianza kujikusanya, yeye ndiye mwenye jukumu la kuanua nguo na wewe, kuweka ndoo pale michirizi inapodondokea, kushika tochi umeme ukikatika. Mfundishe na kupumua, kwa mfano anaoujua: avute hewa kama anasikia harufu ya uji, aitoe taratibu kama anaupoza usimwagike. Mfanye mazoezi hayo akiwa ametulia, si siku ya radi. Halafu mvua za manyunyu mzipokee barazani, dakika mbili, kesho tano, yeye akiamua lini mnaingia ndani. Itachukua msimu mzima. Kutakuwa na siku atarudi chini ya kitanda, na siku hiyo utashuka naye tena.

Kitanda kulowa ni jambo jepesi kuliko linavyonuka. Mtoto aliyekwisha kuacha kisha akaanza tena baada ya mshtuko hafanyi uvivu wala jeuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu watu waliopatwa na misukosuko, linasema wazi kwamba mtoto wa namna hii asiadhibiwe. Asichapwe, godoro lisianikwe mbele ya wapita njia, na jina la kikojozi lisitamkwe hata kwa utani. Akojoe kabla ya kulala, aachiwe taa ndogo au tochi, na asubuhi mtoe shuka pamoja bila hotuba. Ila mpitishe kituo cha afya apimwe mkojo, hasa akilalamika maumivu au akinywa maji kupita kiasi, kwa sababu si kila kinachotokea baada ya msiba kimeletwa na msiba.

Dawa ya usingizi: hapana. Najua dawa za jamii ya Valium hupatikana katika maduka bila maswali mengi. Mwongozo huohuo unakataza kuwapa watoto kwa ajili ya hofu na kukosa usingizi kunakotokana na mshtuko. Humlaza usiku mmoja na kumwacha na ndoto zilezile, na mwili huanza kuizoea. Saa ya kulala isiyobadilika, hadithi fupi, mlango ulioachwa wazi kidogo, na wewe kuwa pale alipozoea kukukuta, hivyo ni polepole lakini vinafanya kazi.

Kwa mwalimu, nenda mwenyewe. Usimsimulie yote, mwambie tu mtoto alinusurika Katesh na amefiwa na mama. Mtoto anayesikiliza bati muda wote akisubiri tone la kwanza hana nafasi ya kusikiliza hesabu, na akichapwa kwa uzito wake ataongeza shule kwenye orodha ya vitu vya kuogopa. Omba akae karibu na mwalimu, na siku ya mvua kubwa apewe kazi ya kugawa madaftari au kufuta ubao.

Suala la maombi nitaligusa kwa kifupi. Kama mtoto anapata utulivu kanisani au msikitini, aende, na wanaomwombea wawe watu anaowajua. Mpaka wangu ni hapa: asiambiwe ana shetani, asifungishwe, asishikwe kwa nguvu, asilale huko. Na hayo "mambo ya mlima" shemeji ayaseme nje ya masikio ya mtoto. Ameshapoteza mama kwa tope. Haifai apewe na adui asiyeonekana.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hukutaka kulisikia. Watoto wengi wakipatwa na balaa huwa na dalili kama hizi wiki za mwanzo, kisha hutulia wenyewe wakiwa na watu wao. Zikipita mwezi mmoja tunaanza kuangalia kwa makini. Miaka miwili si hatua ya kupita. Huyu anahitaji tiba pamoja na mapenzi yako, na tiba ipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulifanyika Moshi kwetu na Bungoma, Kenya, mijini na vijijini, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi. Nusu yao walipata vikao 12 vya kikundi: kujifunza kutulia, kusimulia kidogokidogo kilichotokea, kuaga aliyekufa, na walezi nao wakiwa na vikao vyao. Walioviendesha hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walipata nafuu kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Natoa na hilo la Moshi mjini ili usidhani nakuuzia muujiza.

Anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu au hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza nani anashughulika na afya ya akili ya watoto. Sema maneno haya: "Mtoto amefiwa katika maafa, ana dalili kwa miaka miwili," wasije wakakurudisha na vidonge vya minyoo. Ukikwama, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo. Usisubiri miadi kama ataanza kusema anataka kumfuata mama, akiacha kula, au akijiumiza. Hapo nenda siku hiyohiyo.

Nawe je? Kule Hawaii, katika kisiwa cha Kauai, watafiti akiwemo Emmy Werner waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye taabu nyingi, karibu theluthi moja walikua vizuri, na mara nyingi waliokua vizuri walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama nao bila kuyumba. Hakuwa lazima awe mzazi. Kwa mtoto huyu mtu huyo ni wewe, na wewe umefiwa na dada. Tafuta wa kulia naye. Weka picha ya dada yako ukutani, mtajeni mezani kwa kawaida: alipenda mlenda, alikuwa anaimba hovyo. Mtoto atajua jina lile halikatazwi.

Umeuliza kuhusu kaburi. Mpeleke, lakini baada ya kumwambia ukweli na baada ya mvua kupita, na yeye akitaka. Mkitokea Singida kwa barabara ya Babati mlima utauona mbali kabla hamjafika Katesh, nao huonekana mkubwa zaidi kadiri mnavyokaribia. Mwambie siku moja kabla kwamba atauona, na kwamba mtarudi nyumbani siku hiyohiyo. Achague kitu cha kubeba, hata kiwe kizibo. Kaeni upande mmoja kwenye basi. Akisema njiani turudi, shukeni, kunyweni soda, mwulize tena. Akisema tena turudi, rudini.